Bolti Inapogoma

Ukiinua boneti ya gari dogo la Kijapani, spana nne zinamaliza kazi nyingi: namba 10, 12, 14 na 17. Namba hizo ni upana wa kichwa cha bolti kwa milimita, kutoka bapa moja hadi bapa linaloelekeana nalo. Mwili wa bolti ni mwembamba zaidi. Chini ya kichwa cha 10 kuna bolti ya milimita 6, chini ya 12 kuna ya 8, chini ya 14 kuna ya 10, na chini ya 17 kuna ya 12. Ninayotaka kuieleza hapa ni ya kichwa namba 14, iliyokuwa imefunga kishikizi cha alternata kwenye injini, na ambayo Jumamosi moja uani kwetu Tanga iligoma kutoka tangu saa tatu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri.

Je, wajua kwamba bolti ni springi? Haionekani hivyo, kwa kuwa imenyooka na ni ngumu, lakini unapoikaza inavutika. Bolti ya unene wa milimita 10 na urefu wa milimita 50, ikikazwa inavyotakiwa, hurefuka kwa takriban sehemu ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi moja ya daftari. Chuma hicho kinataka kurudi kwenye urefu wake wa asili, na katika kutaka kurudi kinavibana vitu viwili vilivyo kati ya kichwa na hesi. Ukiona imepigwa chapa ya 8.8 kichwani, jua kwamba bolti ya unene huo inaweza kubana kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani mbili na nusu. Hizo ni Corolla mbili zimening'inia kwenye kijiti chenye unene wa kidole cha mwisho.

Nguvu zote hizo zimetoka kwenye mkono wa mtu mmoja, na siri yake iko kwenye hesi. Hesi ni mlima uliozungushwa kwenye kijiti. Chukua kipande cha karatasi cha pembe tatu, kizungushe kwenye penseli, nawe utauona ule ukingo wa mshazari ukipanda huku ukizunguka. Mlima huo ni wa taratibu mno. Kwenye bolti yetu ulipanda kwa digrii mbili na nusu tu. Mkono ulioshika spana ya sentimita 25 husafiri zaidi ya mita moja na nusu kukamilisha mzunguko mmoja, ilhali bolti inasogea milimita 1.25. Safari ya mkono ni zaidi ya mara 1,200 ya safari ya bolti. Kwa hesabu hiyo, ukisukuma spana kwa nguvu ya kilo 20 ungepata mbano wa tani 25, na bolti ingekatika papo hapo. Inaokolewa na msuguano. Karibu nusu ya nguvu ya mkono wako inaliwa chini ya kichwa, pale kinaposagana na washa. Sehemu nne katika kumi zinaliwa kwenye hesi. Inayobaki kuivuta bolti ni sehemu moja katika kumi.

Msuguano huo unaokula nguvu zako ndio pia unaoizuia bolti kujifungua yenyewe. Chuma kilichowekwa juu ya chuma chenye mafuta kidogo hakianzi kuteleza mpaka mlima ufike digrii nane hivi, na mlima wa hesi haufiki hata nusu yake. Ndiyo maana gari linaweza kutikisika kutoka Tanga hadi Lushoto na bolti nyingi zikabaki mahali pake. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: bolti iliyo safi hufunguka kwa nguvu pungufu ya ile iliyotumika kuikaza, kwa kuwa wakati wa kufungua unateremka mlima. Ikiwa kufungua kunakutoa jasho kuliko kukaza, basi kuna kitu kimeongezeka humo ndani tangu ilipofungwa.

Kitu hicho mara nyingi ni kutu. Chuma kikigeuka kutu hakibaki na ujazo uleule. Kinavimba mara mbili au zaidi, na ndani ya hesi hakuna nafasi ya kuvimbia. Kutu inajisokomeza kwenye mwanya mwembamba, inausukuma ukuta wa bolti na ukuta wa tundu, na bolti inabanwa kutoka ubavuni juu ya mbano iliokuwa nao. Chumvi inaharakisha kazi hiyo, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaotembea kwenye chuma kilicholowa. Sisi wa pwani tunaijua chumvi ya upepo wa bahari. Lakini magari mengi yanayoshuka bandari za Mombasa na Dar es Salaam yametumika kwanza Japani, na yale yaliyotoka kaskazini ya nchi hiyo, Hokkaido kwa mfano, yamepitisha miaka kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha theluji na barafu. Gari linaweza kufika kwako linang'aa mlangoni huku bolti za uvunguni zimekwisha kushikamana.

Kishikizi chetu kilikuwa cha alumini, na hapo mambo yalizidi. Alumini na chuma zikigusana mahali penye unyevu wa chumvi huwa kama betri ndogo, na anayeliwa katika betri hiyo ni alumini. Inageuka unga mweupe unaojaza hesi kama saruji.

Nilianza vibaya. Nilichukua spana ya mdomo wazi, ambayo inashika bapa mbili tu za kichwa, ikateleza na kulamba kona. Kichwa kikishaviringika hivyo, kila spana itakayofuata inashika pungufu. Ilitakiwa niweke tangu mwanzo soketi ya pembe sita, inayokumbatia bapa zote. Nilipoiweka haikusogea, nikachomeka bomba la maji la mita moja kwenye mkono wa spana. Hapo ndipo jirani yetu, fundi mstaafu wa malori, aliponiona kutoka barabarani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Toa hilo bomba kwanza. Hiyo ikikatikia humo ndani, utaitafuta mpaka Ijumaa."

Alikuwa sahihi, na hesabu inamuunga mkono. Uwezo wa bolti kuhimili kusokotwa hukua kwa mchemraba wa unene wake: ya milimita 12 huhimili mara nane ya ile ya milimita 6. Bomba linalofaa kwa namba 17 litaikata namba 10 kabla hujahisi chochote mkononi. Aliniuliza pia kama nina hakika na upande wa kufungulia. Bolti karibu zote hufunguka kinyume na mwendo wa saa, lakini zipo za kinyume. Pedali ya kushoto ya baiskeli ni mojawapo, na watu wameikaza hadi kuiharibu wakidhani wanaifungua.

Kisha akaomba mafuta. Nilikuwa na kopo la WD-40, na nitasimama hapo kidogo, maana historia yake inapendeza. Ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, na kampuni iliyoitwa Rocket Chemical Company, kwa ajili ya kuyafukuza maji kwenye ngozi ya kombora la Atlas lisishike kutu. Herufi mbili za jina lake ni kifupi cha kufukuza maji, na 40 ni jaribio la arobaini, lile lililofaulu. Kulegeza bolti haikuwa kazi iliyokusudiwa, ingawa inasaidia. Mafuta yaliyotengenezwa hasa kwa kupenya ni bora zaidi. Fundi yule alipendelea mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyepesi ya gia za otomatiki. Kinachotakiwa ni kimiminika chepesi kinachotambaa chenyewe kwenye mwanya mwembamba, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa kibatari bila kusukumwa na mtu. Kutu ina vinyweleo, nayo hunywa.

Hunywa polepole, lakini. Alimimina, akagonga kichwa cha bolti kwa nyundo, mapigo mafupi yaliyonyooka, akaketi kwenye kigoda. Baada ya robo saa akarudia. Mapigo yale yanavunja kutu, ambayo ni ngumu lakini haina unyumbufu, na kila ufa mpya ni njia ya mafuta. Mashine ya kufungulia nati za magurudumu inatumia siri hiyohiyo: ndani yake kuna nyundo zinazozunguka na kupiga mara nyingi kwa sekunde. Pigo la ghafla huishtua kutu kuliko msukumo mrefu wa mkono.

Nilipendekeza moto, akakataa kwa kuwa bomba la petroli lilipita karibu. Moto ungefanya kazi. Alumini ikipashwa hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo tundu hulegea kuliko bolti inavyonenepa. Ni moto pekee unaoshinda gundi ya hesi ya daraja la nguvu, ile aliyoivumbua Vernon Krieble huko Connecticut mwaka 1953, inayogeuka ngumu inapokosa hewa, na inayolainika ikifika nyuzi 260 hivi za Selsiasi. Lakini alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo jicho halikuonyi. Tena usiwashe moto mahali ulipopuliza dawa ya kusafishia breki. Baadhi zina klorini, na zikiungua hutoa gesi ya sumu.

Mara ya tatu alinipa spana. "Kaza kwanza. Kidogo tu." Nikakaza, nikahisi kama unywele umekatika ndani ya chuma. Kisha nikageuza.

Kwaa!

Sauti hiyo ni msuguano wa kitu kilichotulia ukigeuka kuwa msuguano wa kitu kinachokwenda, ambao ni mdogo zaidi. Nguvu iliyokuwa imejikusanya kwenye spana na kwenye bolti inaachiwa kwa mkupuo. Nilitaka kuitoa yote, mzee akanishika mkono: robo mzunguko kufungua, nusu ya robo kurudi, tone la mafuta, tena. Vumbi la kutu lililobanduka linaweza kujisokomeza mbele ya hesi na kuibana bolti upya, na nyingi hukatika hapo, baada ya mtu kuamini kwamba ameshinda. Ikikatika, wachomeleaji huchomelea nati juu ya kisiki na kukizungusha kingali cha moto.

Yetu ilitoka nzima. Hesi zilikuwa kahawia karibu na kichwa na nyeupe nchani, chuma na alumini kila mmoja na unga wake. Tulizisugua kwa brashi ya waya, tukapaka grisi ya shaba kiasi cha punje ya mchele. Mzee alinionya nisikaze kama zamani: grisi inapunguza msuguano, ile sehemu moja katika kumi inaongezeka, na nguvu ileile ya mkono inaweza kuivuta bolti kupita kiasi. Kisha akaweka spana chini, akaiingiza bolti kwa vidole, akaizungusha mizunguko sita bila chombo chochote, akisikiliza.