Kwenye Ndege, Usilale Kama Gogo

SAFARI ya ndege ya saa nyingi si jambo geni tena kwa wakazi wa Malindi, Watamu na Kilifi. Wako walioolewa Italia, wako wanaokwenda kufanya kazi Saudia na Imarati, wako mahujaji, na wako wazee wanaoletewa tikiti na watoto wao walioko Uingereza au Marekani. Wengi wao wanapokuja kumwona daktari kabla ya kuondoka huwa na ombi moja tu: "Daktari, nipe kitu cha kunilaza mpaka nifike."

Ombi hilo linaeleweka, lakini mara nyingi mimi hulikataa. Msomaji, usingizi wa ndegeni ni mzuri ukija wenyewe, tena ukiwa wa vipande vipande. Usingizi wa kulazimishwa kwa tembe au kwa pombe, ule unaokuacha umekaa kitako saa sita au saba bila kutikisa mguu, unaweza kukutia katika hatari kubwa kuliko huo uchovu unaoukimbia.

Kwa nini usingizi hauji

Mtu akizama katika usingizi mzito, misuli yake hulegea. Kitandani hilo si neno. Kitini, shingo hukosa wa kuishikilia, kichwa huanguka, nawe hushtuka. Ongeza ngurumo ya injini na hewa kavu inayokausha koo na macho.

Tena hewa iliyomo ndani ya ndege haifanani na hii yetu ya pwani. Shinikizo lake ni kama la mahali palipo futi 6,000 hadi 8,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu wa Malindi, ni sawa na kupandishwa ghafla mpaka Limuru. Oksijeni mwilini hupungua kidogo. Mwenye afya nzuri huhisi uchovu tu, na pengine kuumwa na kichwa. Hewa hiyo nyepesi hufanya pia gesi ya tumboni itanuke kwa karibu theluthi moja. Yule aliyeagwa kwa sahani ya mbaazi za nazi na mahamri atajua ninalosema akiwa angani.

Kuna sababu nyingine ambayo vitabu vya udaktari haviitaji. Kwetu, usiku wa kuamkia safari nyumba nzima haifungi jicho. Achari na mabuyu yanafungwa, mizigo inapimwa na kupimwa tena, jamaa wanamiminika kuaga na kuomba dua. Msafiri huondoka nyumbani akiwa na deni la usingizi, kisha hutaka kulilipa lote kwa mkupuo mmoja ndegeni.

Hesabu saa kuanzia Malindi

Utamsikia mtu akisema kwamba ndege ya kwenda Saudia ni ya saa chache tu. Ndiyo, lakini safari yake haikuanza Nairobi. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kilomita kama 120, yaani saa mbili au zaidi ndani ya matatu iliyojaa, magoti yakigusa kiti cha mbele. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, huchukua saa tano au sita mpaka Nairobi, na basi la usiku huchukua zaidi. Bado hujangoja uwanjani. Unapokuja kufunga mkanda wa ndege, miguu yako imekwisha kuning'inia kutwa nzima.

Hapo ndipo penye hatari. Damu hushuka miguuni bila taabu, lakini kupanda kurudi moyoni inahitaji kusukumwa. Kazi hiyo hufanywa na misuli ya shavu la mguu: kila hatua unayopiga huikamua mishipa na kuisukuma damu juu. Ukikaa bila kusogea, pampu hiyo imezimwa. Ukingo wa kiti nao huibana mishipa ya nyuma ya goti. Damu hutuama, na damu iliyotuama huweza kuganda. Bonge la damu likikatika mguuni husafiri hadi mapafuni na kuziba njia ya damu huko. Mtu huyo anaweza kufariki katika muda wa dakika chache.

Jambo hili lilionekana hata kabla ya safari za ndege kuenea. Mwaka 1940, London ilipokuwa ikishambuliwa kwa mabomu, daktari Keith Simpson aliona vifo vya ghafla vya namna hii miongoni mwa watu waliokuwa wakilala wamekaa vitini usiku kucha katika mahandaki ya kujificha. Mwaka 1954 daktari Mmarekani John Homans akaeleza habari za watu waliogandwa na damu miguuni baada ya kukaa muda mrefu, wakiwamo waliosafiri kwa ndege. Na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa hatari hii huongezeka karibu maradufu safari inapofikia saa nne au zaidi, iwe ni ya ndege, ya basi, ya treni au ya gari.

Tusitishane bure. Kwa mtu mwenye afya nzuri, shirika hilo lilikadiria kuwa hupatwa mmoja kati ya watu wapatao 6,000. Lakini hesabu hiyo haimhusu kila mtu. Mjamzito na aliyejifungua majuzi, anayetumia tembe za kupanga uzazi zenye homoni ya estrojeni, mnene kupita kiasi, mgonjwa wa saratani, aliyefanyiwa upasuaji karibuni na aliyewahi kuganda damu zamani, hao wote wako karibu zaidi na hatari. Wamwone daktari mapema, si asubuhi ya safari. Huenda wakahitaji soksi maalumu za kubana miguu zilizopimwa kwa kipimo chao, au hata sindano ya kuzuia damu isigande. Kumeza aspirini kwa kujiamulia hakutoshi.

Katika Kaunti ya Kilifi lazima niutaje pia ugonjwa wa selimundu, kwa sababu ni mwingi kwetu na umechunguzwa kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha KEMRI hapo Kilifi. Mwenye ugonjwa huu akipungukiwa na oksijeni na maji, chembe zake za damu hujikunja na kuziba mishipa, maumivu makali yakamshika angani ambako hakuna hospitali. Asipande ndege kabla ya kupimwa damu na kushauriwa.

Tembe, chupa na sheria za watu

Wengi hawaji hata kwa daktari. Hupitia duka la dawa wakanunua Piriton, ambayo ni dawa ya mzio, wakaimeza kwa ajili ya ule usingizi wake. Mzee mwenye tatizo la tezi ya kibofu akimeza dawa hiyo anaweza kushindwa kabisa kukojoa. Wengine hupewa Valium na jirani. Hiyo humlaza mtu kama gogo, na gogo halinyanyui mguu. Kwa wanaokwenda Imarati kuna balaa jingine: Valium, kodeini na tramadoli ni dawa zinazodhibitiwa na sheria za huko, na anayekutwa nazo bila kibali anaweza kufikishwa mahakamani. Kama unazitumia kwa maradhi ya kweli, shughulikia kibali kabla ya kuondoka.

Pombe nayo humlaza mtu haraka kisha humwamsha mapema, akiwa na kiu na kichwa kizito. Mwaka 2024 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya watu waliolazwa katika chumba chenye shinikizo la hewa kama la ndege. Waliokuwa wamekunywa pombe, oksijeni katika damu yao ilishuka hadi wastani wa asilimia 85 hivi wakiwa usingizini, huku moyo ukienda mbio. Hao walikuwa vijana wenye afya na walilala kitandani, si kitini.

Jinsi ya kulala

Lala vizuri usiku wa mwisho nyumbani. Wageni waage jioni. Ukipewa nafasi ya kuchagua, kaa kando ya njia badala ya dirishani, kwani wa dirishani huona haya kuwaamsha wenziwe na hubaki amejikunja palepale. Usiweke mkoba mbele ya miguu. Leso au kikoi ukikikunja kama kata na kukizungushia shingoni kinashika kichwa sawasawa na vile vito vinavyouzwa kwa bei ghali uwanjani. Funga mkanda juu ya blanketi ili wahudumu wauone bila kukuamsha. Funika macho.

Lala saa moja na nusu au mbili, kisha inuka utembee mpaka msalani na kurudi. Ukiwa kitini, kanyaga kwa vidole huku ukiinua visigino, halafu geuza, mara ishirini au thelathini. Kunywa maji. Usikunje nne wakati umelala.

Na usihangaike kulazimisha usingizi usiokuhitaji. Saa za Saudia ni sawa na zetu, Imarati wametutangulia kwa saa moja tu, na Italia wako nyuma yetu kwa saa moja au mbili kulingana na msimu. Mwili utajirekebisha usiku wa kwanza. Anayekwenda New York, ambako tofauti ni saa saba au nane, ndiye atakayesumbuka siku kadhaa; akae kwenye mwanga wa mchana na ajizuie kulala mpaka usiku wa huko.

Mguu ukivimba baada ya safari

Kuvimba kidogo miguu yote miwili ni kawaida, na huisha baada ya siku moja au mbili. Unaopaswa kukutisha ni mguu mmoja uliovimba, hasa kwenye shavu, wenye maumivu na joto, hata kama ni wiki kadhaa tangu urudi. Pwani yetu ina matende, na ndiyo maana watu wakiona mguu mmoja umevimba husema hayo ni matende au mtu amekanyaga kitu kibaya. Matende huletwa na mbu na mguu huchukua miaka kuharibika. Hayaji ghafla baada ya safari.

Mguu huo usikandwe, wala kwa mafuta ya nazi wala kwa maji moto, kwa sababu kukanda kunaweza kuling'oa bonge la damu. Nenda hospitali upigwe picha ya altrasaundi. Zipo dawa za kuzuia bonge lisikue, na zikianzwa mapema hufanya kazi vizuri. Ukianza kuhema, kifua kikichoma unapovuta pumzi, au ukikohoa damu, usingoje kupambazuke. Na utakayemkuta zamu usiku huo, mwambie kabla hajauliza: nimetoka safarini, nilikaa kitini saa kadhaa.