Kujizuia asubuhi ndiko kunakofunga choo

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi mtaani Kapsoya, Eldoret. Chai ya maziwa imenywewa upesi na haja kubwa inabisha. Lakini choo ni cha ploti nzima, jirani ametangulia, na matatu ya kwenda mjini haingoji. Mtu hujiambia ataenda akifika kazini. Akifika, haja imekwisha potea.

Hapo ndipo shida huanzia kwa wengi. Chakula cha asubuhi kikiingia tumboni, utumbo mpana huamka na kusukuma. Ukipuuza mwito huo, utumbo huendelea kufyonza maji ya kinyesi mpaka kikawa kigumu mithili ya cha mbuzi. Ukizoea kujizuia, mwito wenyewe hufifia. Madaktari husema mtu amefunga choo akienda chini ya mara tatu kwa wiki, au akienda kwa kujikakamua.

Kisha kuna chakula. Nyama choma, mayai na mursik havina nyuzinyuzi kamwe, na unga mweupe wa pakiti umeondolewa makapi. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyewahi kufanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, aliripoti na wenzake mwaka 1972 kwamba wanakijiji wa Uganda walitoa kinyesi zaidi ya gramu 400 kwa siku. Waingereza waliopimwa walitoa kama gramu 100. Sababu aliiona kwenye sahani, na wengi wetu tumehamia sahani ya Mwingereza bila kuvuka bahari.

Baridi ya Eldoret nayo hutusahaulisha maji.

Basi amka dakika kumi mapema, uende choo kikiita. Rudia githeri, ndengu, managu, saga, papai na unga usiokobolewa. Ongeza polepole, pamoja na maji, la sivyo tumbo litajaa gesi. Dawa za kuharisha zisiwe mazoea. Mama mjamzito anayemeza vidonge vya madini ya chuma, ambavyo pia hufunga choo, amwulize muuguzi kabla ya kuviacha.

Ukiona damu, ukikonda bila sababu, au choo kikibadilika ghafla nawe umepita miaka 45, usiseme ni bawasiri tu: mwone daktari. Tumbo likivimba, unatapika na hata hewa haipiti, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.