Kama ofisi yako ni laptopu, kodi ya Kilimani ni ya nini?

Hebu niulize: kwa nini unaishi mahali unapoishi? Kwa wengi wetu jibu limekuwa moja tu, kazi. Unatafuta keja iliyo karibu na matatu ya kukufikisha tao kabla ya saa mbili, na landilodi anajua hivyo. Ndiyo maana bedsita ya Kilimani na ya Juja hazina bei moja hata zikiwa na ukubwa uleule. Hulipii kuta. Unalipia foleni ambayo hutaki kukaa.

Hesabu hiyo ilivurugika Machi 2020, corona ilipoingia nchini na serikali ikahimiza wanaoweza wafanyie kazi nyumbani. Wengi walirudi ofisini baadaye, lakini si wote. Leo kuna vijana Rongai, Ruiru na hata Nanyuki wanaohariri video au kujibu wateja wa Marekani saa nane za usiku, na mwezi unaisha bila wao kukanyaga Westlands.

Landilodi naye ameamka. Zamani bango la nyumba lilijisifia maji na stima. Siku hizi waifai iko pale juu pamoja nayo. Na tangu Starlink ianze kuuza huduma nchini 2023, hata kwa nyanya ushago, mahali ambapo hakuna kebo, panaweza kuwa ofisi.

Poa sana, si ndiyo? Ngoja kidogo.

Oktoba 2024, Rais William Ruto alitangaza kibali cha wahamaji wa kidijitali, yaani wageni wanaoishi hapa huku wakilipwa na kampuni za nje. Sasa fikiria Diani, Watamu au Kilifi. Mgeni anayelipwa kwa dola haoni shida kodi ikipanda. Anayeumia ni mwalimu na mhudumu wa hoteli waliozaliwa palepale, hasa mwenye nyumba akigundua kwamba kukodisha kwa usiku kunalipa kuliko kwa mwezi. Na tusiwanyoshee wageni vidole pekee. Wewe ukihamia Nanyuki na mshahara wa Nairobi, kwa jirani yako mpya wewe ndiye mwenye dola.

La pili ni kwamba kazi ya mtandaoni haina kiti, kwa hivyo pia haina mlango wa kugonga ikipotea. Machi 2024, jukwaa la Remotasks lilifunga shughuli zake Kenya, na vijana waliolitegemea wakajikuta nje ghafla. Landilodi hakusimamisha kodi. Wala muuzaji wa ploti ya kulipia polepole hakusema, "Pole, lipa ukipata."

Kwa hivyo kabla ya kutoa dipoziti, fanya haya:

Pima kasi ya intaneti saa mbili usiku, wakati jirani wote wanatazama filamu. Saa nne asubuhi kila mtandao ni mzuri.

Uliza kama ploti imeruhusu kampuni moja tu ya intaneti. Ikiwa ni moja, ikilala nawe umelala.

Ongea na wapangaji, si ajenti. Wao ndio wanajua stima hupotea mara ngapi kwa wiki na kama kuna mtu anayechomelea mageti chini ya dirisha lako ukiwa kwenye simu na mteja.

Weka kando kodi ya miezi mitatu kabla ya kuhamia nyumba kubwa. Na ukinunua ardhi, fanya upekuzi wa hatimiliki kwanza. Picha za TikTok si hatimiliki.

Mwisho, usihame kwa sababu ya bei pekee. Mimi naandikia kitandani mara nyingi, na nakuambia keja ya bei rahisi isiyo na rafiki hata mmoja karibu hugeuka jela haraka. Ofisi ilitupatia foleni, lakini pia ilitupatia watu wa kula nao chapo madondo mchana. Ukitafuta nyumba, tafuta na hao.