Mali Bila Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Historia ya visiwa ni mali ya namna hiyo, na katika watu waliojitolea kuishikia daftari ametangulia Profesa Abdul Sheriff, mzaliwa wa Zanzibar.

Mwaka 1971 alitunukiwa shahada ya udaktari na Chuo Kikuu cha London kwa utafiti wake juu ya biashara ya Zanzibar kati ya 1770 na 1873. Kwa miaka mingi alisomesha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1987 matunda ya utafiti huo yakatoka kitabuni. Hakutosheka na habari za masultani na majumba yao. Alifuatia bei za bidhaa, akabainisha kuwa pembe za ndovu zilizidi kupanda thamani ilhali nguo za viwandani, kama merikani, hazikupanda vivyo hivyo. Tofauti hiyo ndiyo iliyowatajirisha wafanyabiashara wa Unguja. Wala hakuficha kwamba mashamba ya karafuu yalisimama juu ya jasho la watumwa.

Katika miaka ya 1990 aligeukia kazi ya makumbusho. Aliona kuwa elimu iliyofungiwa chuoni haimfikii mvuvi wala mkulima. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, likawa makumbusho, na humo ukawekwa mtepe ulioundwa mwaka 2003, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Msiba huo ulitokea ndani ya Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2000. Ni dhahiri, basi, kwamba heshima ya jina haizuii ukuta kuanguka.

Wakuu wa Serikali wanapaswa kutenga fedha za matengenezo ya kila mwaka, si za dharura tu, na kuwasomesha vijana watakaoirithi kazi hii. Nao wananchi wenye barua, hati na vitabu vya hesabu vya wazee wao wasiviachie mchwa. Wavipeleke penye hifadhi. Mwanahistoria mmoja, hata awe hodari vipi, hawezi kuandika yaliyokwisha kuliwa.