Mfamasia Kando ya Kitanda cha Mgonjwa Mahututi

Wengi wetu twamjua mfamasia kuwa ni yule asimamaye nyuma ya dirisha, akipokea cheti na kutoa dawa. Lakini katika chumba cha wagonjwa mahututi, dirisha liko mbali mno na hatari.

Mgonjwa wa humo hawezi kusema kwamba dawa yamwasha. Amelazwa kwa dawa za usingizi, mashine yampumulia, na huenda akapewa dawa kumi au zaidi kwa siku. Figo zikidhoofika, dawa kama vankomaisini, itolewayo mwilini na figo, hubaki damuni, na kipimo kilichokuwa tiba chageuka sumu. Kidonge kilichoundwa kitoe dawa polepole, kikisagwa ili kipite katika mpira wa puani, huimwaga yote kwa mara moja. Na fenitoini, dawa ya kifafa, ikipitishwa mpirani pamoja na chakula, huenda mwili ukapata pungufu ya kilichoandikwa. Kuyajua mambo haya ndiyo kazi ya mfamasia wa kitabibu, na faida yake ni kuwapo wakati dawa inapoandikwa, si baada ya kutolewa.

Mwaka 1999, Dkt. Lucian Leape na wenzake walichapisha uchunguzi wa hospitali ya Massachusetts General, mjini Boston, Marekani. Mfamasia mmoja alizunguka vitandani na madaktari kila asubuhi, kisha akawa tayari kuitwa mchana kutwa. Madhara yaliyoweza kuepukwa, yatokanayo na maagizo ya dawa, yalishuka kutoka 10.4 hadi 3.5 kwa kila siku 1,000 za kulazwa. Alitoa mapendekezo 366 kuhusu maagizo hayo, 362 yakakubaliwa. Hesabu hii ya pili yanivutia zaidi, maana tumezoea kudhani madaktari hawapendi kusahihishwa.

Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi hufunza shahada ya uzamili katika fani hii. Basi ukiwa na jamaa aliyelazwa humo, una haki ya kuuliza kwa upole: ni nani azipitiaye dawa zake kila siku? Nawe mpelekee mtu huyo mfuko mzima wa dawa za nyumbani: vidonge vya sukari na vya presha, habasoda, hata mizizi ya mganga ambayo familia huona haya kuitaja.