Alama Zilizomo Ndani ya Programu ya Simu

Katika vituo vya kununulia pamba vya Bariadi, mkoani Simiyu, mkulima hutazama mizani kabla ya kutazama fedha. Mizani hiyo hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Ichukuliwe sasa kwamba karani wa chama cha msingi huandika majina na uzito katika simu, kwa programu aliyorushiwa na mwenzake. Je, programu hiyo iliundwa kwa matumizi ya watu, au ni ile ya karakana, ambayo mtungaji wake alikuwa bado akiisaka kasoro?

Programu huandikwa kwanza kwa maneno yanayosomeka na binadamu, kisha hutafsiriwa na programu nyingine, iitwayo kompaila, kuwa amri za mashine. Mtungaji aweza kuiagiza kompaila ihifadhi majina na namba za mistari ya maandishi yake, na isizipange upya amri kwa ajili ya kasi, ili kasoro ikitokea aone ilipo. Akisharidhika huagiza toleo la pili, lisilo na mlango wa fundi. Machoni pa karani matoleo hayo ni mapacha.

Wengi hukisia kwa ukubwa wa faili au kwa wepesi wa programu. Makisio hayo ni dhaifu: toleo la matumizi likijaa picha huwa zito, na kompaila nyingi zaweza kuhifadhi namba za mistari na kuongeza kasi kwa pamoja. Hapana budi kutazama ndani. Katika simu za Android kila programu hubeba hati ya maelezo, na humo mna tamko la kuruhusu au kukataza uchunguzi wa fundi. Chombo kiitwacho apkanalyzer, kilichomo katika vifaa vya watunga programu vitolewavyo bure na Google, husoma tamko hilo na kujibu kwa neno moja: kweli, au si kweli. Kisha hutazamwa sahihi. Toleo la karakana kwa kawaida hutiwa sahihi yenye jina “Android Debug”, ambayo vifaa hivyo hujitengenezea vyenyewe katika kompyuta ya mtungaji yeyote. Kwa hiyo haimtambulishi mtu. Dalili hizo mbili si lazima ziandamane, hivyo moja haitoshi.

Mlango wa fundi ukiachwa wazi, mtu aliyeipata simu ikiwa imefunguliwa aweza kuwasha mipangilio ya watunga programu, akaiunganisha na kompyuta kwa waya, akasoma na hata kubadili kumbukumbu za uzito. Mkulima wa kilo 80 hatashuku, maana mizani ilisema kweli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, humtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Duka la programu la Google nalo hukataa sahihi ya karakana. Lakini programu inayorushwa kutoka simu hadi simu haipiti dukani.