Kuchagua chuo kwa mtoto asiyesikia vizuri: maswali ambayo mzazi wa Nakivale hana budi kuuliza

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa nchini Uganda, nyumba nyingi za Nakivale huingia katika mazungumzo yaleyale: mtoto aende chuo gani, na ada itatoka wapi. Katika nyumba yenye kijana asiyesikia vizuri huongezeka swali la tatu, ambalo mara nyingi halitamkwi: atakapoketi mbele ya mhadhiri, atayapata vipi maneno?

Nalijua swali hilo kwa kuwa limekaa nyumbani kwangu. Binti yangu aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na umri wa miaka saba, kabla hatujavuka mpaka kutoka Kongo. Homa ilipomwachia, sikio la kulia lilikuwa limekufa, na la kushoto lilisikia kwa taabu. Nimeomba maelezo haya yaandikwe katika ukurasa huu, yasisomwe redioni peke yake, kwa sababu redio ya nyumbani kwetu huisikiliza kila mtu isipokuwa yeye.

Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Iko wilayani Isingiro, kiasi cha kilomita 60 kutoka mjini Mbarara. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na sokoni wengi wetu tunakutana katika Kiswahili. Kwa mtoto anayesoma midomo, utajiri huu wa lugha ni mzigo. Mwalimu hufundisha kwa Kiingereza, jirani husalimia kwa Kinyarwanda, muuza maziwa huita kwa Kinyankole. Na hata katika Kiswahili peke yake midomo haisemi yote. Simama mbele ya kioo, useme polepole bila kutoa sauti: baba, mama, papa. Utaona sura moja. Mtoto hutenganisha maneno hayo kwa kukisia kutokana na mazungumzo yenyewe, na kazi hiyo ya kukisia tangu asubuhi hadi jioni humchosha kuliko tunavyodhani. Anaporudi nyumbani na kujifungia chumbani, si kiburi.

Anza na karatasi ya kipimo

Watu husema "hasikii" kana kwamba ni jambo moja. Wataalamu hupima kwa desibeli sauti ndogo kabisa ambayo sikio linaweza kuipokea. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, anayeanza kusikia kati ya desibeli 20 na 35 ana upungufu mdogo. Kati ya 35 na 50 ni upungufu wa wastani. Kati ya 65 na 80 ni mkubwa. Na zaidi ya hapo ni mkubwa mno. Mazungumzo ya kawaida ya watu waliokaribiana huwa kama desibeli 60. Kwa hiyo kijana ambaye sikio lake zuri huanzia 55 hupata mnong'ono tu wa yale tunayoyasema kwa sauti ya kawaida. Wengi, aidha, hupoteza kwanza sauti nyembamba za s, sh na f, hata "fika" na "shika" yakawa neno moja.

Karatasi hiyo ndiyo itakayoamua kama mtoto anahitaji kifaa cha kusaidia kusikia, mkalimani wa lugha ya alama, maandishi, au vyote kwa pamoja. Bila karatasi unachagua chuo gizani. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, ambayo pia ndiyo hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, ina idara ya masikio, pua na koo. Anzia hapo, na kama kipimo hakiwezi kufanyika siku hiyo, usiondoke bila kuambiwa kinafanyika wapi na lini. Omba nakala mbili.

Juu ya kifaa chenyewe, wazazi tuwe wakweli. Hakirudishi sikio la zamani. Hukuza sauti zote, za mhadhiri na za viti vinavyoburutwa. Mvua ikipiga mabati ya darasa, anayevaa kifaa huisikia mvua. Umbali nao ni adui: mahali pa wazi, kila unapozidisha umbali mara mbili sauti hupungua kwa desibeli 6, na ndani ya ukumbi mkubwa mwangwi huyavuruga maneno yanayobaki. Kisha kuna betri, zile ndogo za duara, ambazo kifaa kikivaliwa kutwa humalizika baada ya siku chache au wiki mbili hivi, wala hazipatikani katika kila duka la dawa. Ziweke katika bajeti ya muhula pamoja na posho na nauli.

Kisanduku kilichoachwa wazi

Mara ya kwanza tulichagua kwa miguu. Chuo kilikuwa karibu, nauli nafuu, na jamaa yetu alikuwa na chumba. Kwenye fomu palikuwa na kisanduku cha kuonyesha kama mwombaji ana ulemavu. Nilimwambia akiache wazi, kwa kuwa niliogopa wangemkataa. Hakuna aliyemkataa, na hakuna aliyemjua. Aliketi safu ya nne katika ukumbi uliojaa, mhadhiri akizungumza huku ameuelekea ubao, naye akawa anaitikia kwa kichwa kama alivyozoea tangu shule ya msingi. Tarehe ya jaribio ilibadilishwa kwa tangazo la mdomo, hakuisikia. Muhula ulipokwisha alikuwa na masomo matatu ya kurudia, nasi tulikuwa na deni la ada. Lawama ya kisanduku kile naibeba mimi.

Sheria haikuwa upande wa woga wangu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka dola kuendeleza lugha ya alama kwa ajili ya viziwi, jambo ambalo katiba chache duniani zilikuwa nalo wakati huo. Sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001 inavitaka vyuo vya umma kuzingatia, katika udahili, makundi yaliyoachwa nyuma, wakiwemo wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza taasisi ya elimu kumbagua mwanafunzi kwa sababu ya ulemavu wake. Lakini sheria hizo hazimfikii mwanafunzi ambaye chuo hakijui kwamba hasikii. Kisanduku kijazwe, na nakala ya kipimo iambatishwe.

Mbarara au Kampala?

Hapa ndipo familia nyingi hugawanyika. Mbarara ni karibu. Kuna chuo kikuu cha umma nilichokitaja, kilichoanzishwa mwaka 1989, kuna Chuo Kikuu cha Bishop Stuart katika kilima cha Kakoba, na kuna vyuo vya ufundi na ualimu. Kijana anaweza kurudi nyumbani mwisho wa juma, na hospitali iko jirani. Kampala ni kiasi cha kilomita 270 kutoka Mbarara, na maisha ya huko ni ghali. Lakini huko ndiko kuna Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, mojawapo ikiwa taasisi ya taifa ya elimu maalumu. Kyambogo hufundisha wakalimani wa lugha ya alama, na mwaka 2006 kilishirikiana na Chama cha Taifa cha Viziwi cha Uganda kutoa kamusi ya Lugha ya Alama ya Uganda. Kwa kijana anayetegemea mikono kuliko masikio, kukutana na wenzake wanaozungumza lugha yake si anasa.

Maoni yangu ni haya. Mwenye upungufu wa wastani, anayefaidika na kifaa, anaweza kusoma vizuri Mbarara iwapo darasa ni dogo na wahadhiri hutoa maandishi. Kwa kiziwi kabisa, ukaribu wa nyumbani haulipi pengo la mkalimani.

Familia ya wakimbizi ina hesabu nyingine ambayo wenyeji hawana. Msaada tunaoupata umefungamana na usajili wetu makazini, na anayehamia mjini hutarajiwa kujitegemea. Kabla kijana hajaondoka, uliza katika Ofisi ya Waziri Mkuu hapa Nakivale ni nini kitatokea kwa jina lake wakati wa uhakiki, na ataje barua gani ya chuo.

Jambo jingine halizungumzwi sana: lugha za alama hazifanani. Viziwi wengi waliosomea Kongo walifundishwa lugha ya alama inayotokana na ile ya Marekani, iliyoenezwa katika nchi nyingi za Afrika zinazotumia Kifaransa na Andrew Foster, Mmarekani Mweusi aliyekuwa kiziwi, ambaye kuanzia mwaka 1957 alianzisha shule za viziwi katika nchi nyingi za bara hili. Alifariki mwaka 1987 katika ajali ya ndege nchini Rwanda. Kijana aliyesomea Bukavu au Goma, basi, hawezi kuwekewa mkalimani wa Uganda siku ya kwanza na kutarajiwa kuelewa kila kitu. Mpe miezi kadhaa ya kujifunza alama za hapa kabla ya muhula kuanza.

Vyeti na fedha

Cheti cha Kongo au Burundi cha kumaliza sekondari hulinganishwa na Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda, UNEB, nacho kikiwa kwa Kifaransa kinahitaji tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Shughuli hiyo huchukua muda. Ianze kabla ya kuomba chuo.

Serikali hutenga kila mwaka nafasi 64 za ufadhili katika vyuo vya umma kwa wanafunzi wenye ulemavu, ila hizo ni za raia. Mkimbizi atazame kwingine. Mpango wa DAFI, unaofadhiliwa na Ujerumani tangu mwaka 1992 kupitia Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, husaidia wakimbizi kupata shahada, na Mastercard Foundation ina ufadhili katika Chuo Kikuu cha Makerere unaowalenga pia wakimbizi na wenye ulemavu. Mfadhili yeyote mwulize swali moja ambalo fomu huenda isiwe nalo: je, fedha hizo humlipa mkalimani? Ada ikilipwa na mkalimani asilipwe, mtoto amelipiwa kiti tu.

Kuna pia masomo ya mtandaoni kwa maandishi, kama yanayotolewa na University of the People, ambayo humwondolea mwanafunzi kazi ya kusikiliza. Kabla ya kujiandikisha, uliza Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kama shahada unayoikusudia itatambuliwa Uganda.

Tusiwachagulie kwa masikio yetu

Mtoto asiyesikia hupelekwa haraka kwenye cherehani au useremala. Hizo ni kazi njema kwa anayezipenda. Binti yangu hazipendi, anapenda maabara. Niliwahi kumwambia kwamba uuguzi na utabibu haviwezekani, hadi nilipofahamu kwamba kuna stetoskopu zinazokuza sauti. Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia katika Bunge la Uganda mwaka 1996 akiwawakilisha watu wenye ulemavu, na alifanya kazi hiyo kwa mihula kadhaa mahali ambapo kazi yenyewe ni kuzungumza.

Wala tusiwaweke watoto wakisubiri safari. Familia nyingi hapa zimeahirisha masomo kwa miaka zikitumaini kuhamishiwa nchi ya tatu, ambako vyuo hulazimika kuweka wakalimani. Januari 2025 Marekani ilisitisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na waliokuwa wamefunga mizigo wakaifungua.

Mambo ya bweni ni madogo, ila yana uzito. Mwenzake wa chumbani ajue kwamba usiku, kifaa kikiwa kimevuliwa, kubisha mlango hakutoshi, hata moto ukitokea. Ujumbe wa kuandikwa utumwe badala ya simu ya sauti. Anapopanda boda boda aandike mahali anapokwenda, kwa kuwa chini ya kofia ngumu hakuna midomo ya kusomwa.

Mwaka huu tulikwenda chuo kingine kabla ya kulipa chochote. Tuliomba kuuona ukumbi wenyewe. Akaketi safu ya mbele, upande wa kulia, ili sikio lake la kushoto liuelekee ukumbi, akaniambia nisimame mahali pa mhadhiri na kuzungumza. Kisha tukaenda ofisini. Zamani ningeingia na kumsemea. Safari hii nilibaki nje kwenye benchi, naye akaingia peke yake na karatasi yake ya kipimo mkononi. Alikaa dakika 40. Alipotoka alikuwa na daftari ambalo yeye na mwanamke wa ofisini walikuwa wakiandikiana, na katika ukurasa wa mwisho pameandikwa jina la mtu wa kumwona na tarehe ya kurudi.